Mzinga wa Mama

Mimi ni mtu wa maabara, na kiburi cha maabara ninacho. Nilipomletea baba mzinga wa kisasa kutoka chuoni, nyuki wakiwa ndani, nilimwagiza achukue masega yenye majana, wale watoto wa nyuki, ayafunge kwa kamba ndani ya mizinga yake ya magogo ili ipate nguvu. Baba yangu, mzee Lazaro, amefuga nyuki hapa Rhotia miaka arobaini. Alitii, kwa kuwa binti amesoma.

Baada ya masika nyuki wakawa wanatambaa chini ya miti, mabawa yamejikunja. Mizinga kumi na mmoja ikanyamaza. Ukabaki mmoja, ule aliouchonga na marehemu mama mwaka waliooana. Nikachukua nyuki wachache kutoka humo, nikaenda kuwapima kama wana kirusi cha ugonjwa, huku nikimwomba Mungu niwe nimekosea.

Sikukosea. Jumamosi nilirudi nyumbani, nikaketi naye kibarazani.

"Baba, maagizo ya mwili huandikwa kwa herufi tatu tatu, tunaziita kodoni. Ziko kodoni nyingi zenye maana moja, ila kila kiumbe kina zile kinazozipendelea. Kirusi hiki kinachowaua kinapendelea zilezile za nyuki."

"Kama mgeni anayeongea Kiiraqw chetu cha hapa hapa."

"Ndiyo. Mwili wa nyuki unamsikiliza na kumfanyia kazi bila kusita."

"Ametokea wapi?"

"Kwenye mzinga niliokuletea mimi. Na huu wa mama tayari unaye. Inabidi tuuchome, la sivyo utaambukiza ya majirani."

Baba aliutazama mzinga wa mama kule mtini.

"Nilijua," alisema. "Nyuki wako ndio walioanza kutambaa. Hata wiki mbili hazikuisha tangu uwalete."

"Mbona hukuniambia?"

"Siku ile uliponiletea ulicheka, Sabina. Tangu tumzike mama yako nilikuwa sijakuona ukicheka."

Jioni, nyuki wote waliporudi, aliziba tundu la mzinga kwa udongo, akaushusha taratibu, akauzungushia majani makavu. Ndani walikuwa bado wananguruma. Akanipa kiberiti. Nilitoa njiti lakini sikuiwasha, akakichukua tena.

"Lete," alisema. "Wewe una mzigo wako wa kutosha."

Akauwasha mwenyewe.