Neno Lililotungwa kwa Mzaha

Bi Fatma, mjane mshona kofia, alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Kajificheni, anakuna nazi, Ijumaa moja ya mwaka 1969, neno la Kiingereza lilipopiga hodi. Aliitikia "Karibu" bila ya kugeuka. Neno liliingia kwa taabu kidogo, maana lilikuwa refu. Kichwa kilishafika jikoni na mkia bado uko barazani. Lilisema linaitwa Diskombobuleti. Bi Fatma aliona jina hilo ni zito kwa mgeni aliyekonda vile, akaliita Bobu na kulipakulia wali.

Katika nyumba ile mgeni haulizwi kwao wapi mpaka ashibe. Liliposhiba, Nunu, binti wa pekee wa Bi Fatma, akaliuliza.

"Maana yangu ni kumvuruga mtu akili, asijue mbele wala nyuma," lilisema neno. "Asili sina. Wamarekani walinitunga kwa mzaha, zamani, walipotaka kusikika kama wasomi wa Kilatini. Kilatini chenyewe hakinijui."

"Maskini," alisema Bi Fatma. "Basi kaa."

Likakaa. Lilipopita vichochoroni watu walivurugikiwa kidogo. Muuza kahawa alitia chumvi kwenye kashata, na wanaume waliotoka msikitini waliingia nyumba zisizo zao, wakala, wakashukuru, wakaenda zao. Mtaa mzima ulilipenda, na nani asingelipenda? Nunu alilipenda zaidi. Kila alasiri lilimfundisha Kiingereza, na kwa kuwa alikuwa na akili iliyotulia, halikuweza kumvuruga. Alitaka ualimu, na bila ya sekondari ualimu haupatikani. Mama yake alimshonea sare kabla hata ya mtihani. Majirani walimwambia ana haraka, akawajibu kwamba mwanawe anamjua.

Nunu alifaulu, skuli nzima hakuna aliyemzidi.

Aliyeleta habari za nafasi za sekondari alikuwa Jaku, mjumbe wa kamati ya mtaa. Jaku alifiwa na mama siku aliyozaliwa, akanyonyeshwa na mama mzazi wa Bi Fatma, ziwa moja na Bi Fatma mwenyewe. Kwa hivyo alikuwa ndugu yake, na siku zote aliingia jikoni bila ya kuuliza. Siku hiyo alipiga hodi, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Da Fatma, nnatakiwa niulize asili ya mtoto."

"Huijui, Jaku?"

"Nnaijua. Lakini nnatakiwa niulize."

"Babu wa babake alitoka Omani. Waliobaki wote wamezaliwa humu humu, na wewe umewazika."

Jaku alitazama sakafu. Nafasi serikali inazigawa kwa asili za watu, kila asili na fungu lake, alisema, na za asili hiyo zimekwisha. Kisha, kwa kuwa alitakiwa kumuuliza kila aliyemo ndani, akaligeukia neno.

"Na wewe?"

"Mie sina asili."

"Alhamdulillahi," alisema Jaku, na uso ukamkunjuka kwa kupata angalau mmoja wa kumpa habari njema. "Basi wewe huna kizuizi. Utaingia."

Neno lilisema halitaki. Nunu hakulikubalia.

"Nenda, Bobu," alisema. "Ukikataa, kiti hicho hawatanipa mie."

Bi Fatma alifumua pindo la sare, akaunga kitambaa mpaka ikalifikia neno miguuni. Alikuwa na hasira, lakini mishono aliinyoosha. Jumatatu asubuhi Nunu alilifunga vifungo, akalisindikiza hadi langoni mwa skuli, maana peke yake lingepotea. Mwalimu aliliuliza jina, akalionesha pa kukaa.

Mchana Jaku alikuja kula kama kawaida. Bi Fatma hakumsemesha, ila alimpa kipande kikubwa cha samaki, kwa sababu ni ndugu yake na alikuwa na njaa. Neno likarudi.

"Mmesoma nini?" aliuliza Nunu.

Neno lilijitahidi. Lilitaja mito ya Afrika katikati ya hesabu, na hesabu likaziingiza tumboni mwa panzi. Yote yalikuwemo, hakuna lililokuwa mahali pake. Nunu alikaa mkekani, akaanza kuyapanga upya huku machozi yanamtoka, na mjomba wake Jaku, mkono bado una wali, akawa anamsaidia majina ya mito.