Pikapu Inatafuta Miguu

"Toka, bibi wee, leo unahama!" Fundi Sofa alimwambia kuku aliyekuwa ametaga chini ya usukani.

Kuku akamtolea jicho moja, akazidi kujikunyata. Ikabidi ambebe mzimamzima pamoja na majani yake, akamweka kwenye beseni bovu kando ya ukuta. Kisha akarudi kwenye pikapu na ndoo ya maji ya sabuni.

Pikapu ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba ya wazazi wake tangu baba alipoanza kuugua. Ilisimama juu ya matofali, haina tairi hata moja, vumbi limeilalia mpaka rangi yake haijulikani. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikaa: kaka yake akapewa kiwanja, yeye akapewa gari. Kaka akamnong'oneza, "Dada, umerithi banda la kuku." Hakuwa na ubaya, ila mdomo wake haukuwa na breki.

Lakini safari hii alikuja na sura ya kazi. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha pale nyuma, na wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wanakuja Jumamosi.

"Likiweza kutoka kwa miguu yake, litoke," alisema. "Lisipoweza, watalikata vipande. Tusije tukalaumiana."

Fundi Sofa alikuwa akishona na kujaza viti katika chumba kimoja mkabala na soko. Kila alipomaliza kazi alikodi mkokoteni kuipeleka. Msimu wa mvua uliopita seti nzima ililoa njiani, mteja akaikataa, naye akabaki kuanika sponji huku akimeza machozi. Gari lingemwinua. Ila hakumwambia mtu jambo la pili: ni ndani ya gari lile baba alimfundisha kuendesha, mama yake akiwapigia kelele mlangoni kwamba watamuua mbuzi wa watu. Tangu mazishi, mama alikuwa amefunga dirisha linalotazama nyuma, na halikufunguliwa tena.

Alisugua. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa, ya pili mekundu kwa udongo, na ya tatu yakafichua kijani, kijani cha jani la mgomba lililonyeshewa. Akang'oa ngozi ya kiti iliyooza, akafukuza panya, akanyoosha springi moja moja kwa koleo, akajaza upya, akavisha kitambaa cha kahawia kilichobaki kwenye sofa la mteja. Jirani yao, fundi magari aliyeitwa Spana, aliingia uvunguni mwa gari akatokea na tabasamu la grisi.

"Injini ya mzee ina roho ya paka," alisema. "Shida yako ni viatu."

Kweli. Duka la kwanza la tairi walimcheka. La pili, muuzaji aliitazama ringi aliyoibeba, akatikisa kichwa. "Dada yangu, saizi hii hata walioitengeneza wameisahau." Kufunga ringi za kisasa haikuwezekana, nati zilikataa. Alizunguka mpaka visigino vikawaka moto, akarudi mikono mitupu, akakaa juu ya ndoo akiitazama pikapu iliyong'aa kama bibi harusi asiye na miguu.

Ni Spana aliyekumbuka. "Umewahi kutazama mkokoteni wa yule mzee wa maji? Ule wa punda wawili?"

Alimkuta kisimani akijaza madumu. Magurudumu yote manne yalikuwa yenyewe, ringi na tairi, na kwa kuwa punda hakimbilii mahali, meno ya tairi yalikuwa bado mazima. Fundi Sofa alimwamkia, akaeleza shida yake.

"Binti, unataka kunivua viatu nikiwa safarini?" mzee akasema.

"Nitakuletea magurudumu ya gari dogo, mzee wangu. Spana atayafunga yeye mwenyewe. Yale yamejaa kila mahali, siku yakipasuka utapata mengine. Haya nayo yakipasuka, imekula kwako."

"Maneno matamu. Punda wangu hawali maneno."

Alikuwa ameshageuka. Punda wa kushoto alipovishwa ukanda alirusha teke, dumu likaviringika. Fundi Sofa akasogea, akaona bega lake: kidonda kibichi, kikubwa kama kiganja, mahali ukanda unapokwaruza.

"Mzee, huyu hana ukaidi. Anaumia."

Mzee aliinua dumu lililoanguka. "Nimefunga matambara," alisema kwa sauti ya chini. "Yanateleza. Nalala namuwaza."

"Nipe ukanda wake. Wiki hii mpumzishe, nami nitamshonea mto wa mabegani usioteleza. Akiukataa, sikuulizi tena habari ya tairi."

Alishona mto ule vizuri kuliko alivyowahi kushona kiti cha mtu yeyote: ngozi laini ndani, turubai nje, na tundu lililoachwa wazi mahali pa kidonda ili pasiguswe. Ijumaa mzee alimvisha punda mwenyewe, taratibu, akisubiri teke. Punda akatikisa masikio, akapiga hatua moja, kisha nyingine, mkokoteni ukamfuata.

Mzee akampapasa pua. "Haya," alisema bila kugeuka. "Mwite huyo Spana wako."

Jumamosi asubuhi kaka alifika na watu wa vyuma chakavu, na msumeno wao. Pikapu ilikuwa chini, juu ya tairi zake. Kaka akaizunguka, akapiga tairi teke.

"Betri haina nguvu," dada yake akamwambia kutoka kwenye usukani. "Sukuma."

"Mimi?"

"Mdomo unao, mikono je?"

Akasukuma. Wale wa vyuma wakaona haya kusimama tu, wakasukuma pia. Gari likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, halafu likanguruma, moshi ukawapaka wote. Kaka alicheka mpaka akashika magoti.

Dirisha la nyuma la nyumba likafunguka. Muda kidogo baadaye mama akatokea, kajifunga kanga safi. Akafungua mlango wa abiria, akabonyeza kiti kwa kiganja, akapanda.

"Mbuzi wa watu," alisema.

"Nimewaona, mama."

Walitoka polepole. Kwenye njia panda, soko lilikuwa kushoto. Kulia barabara ilishuka, ikapita kati ya miti, ikapotea.

"Baba yako alizoea kwenda huku," mama alisema, kiwiko chake kikiwa dirishani. "Sikuwahi kumuuliza kunatokea wapi."

Fundi Sofa akawasha taa ya kuashiria kulia. Haikuwaka. Akatoa mkono nje, akaunyoosha, upepo ukampita katikati ya vidole.