Gari Lililomkataa Aol

Loo, siri haikuwepo tena pale kwenye kiwanda kidogo cha mikate, Kyebando: gari la kusambazia mikate lilikuwa halimtaki Aol. Asubuhi tatu kati ya tano anageuza ufunguo, kimya, hata kukohoa halikohoi. Anakuja Mzee Ojera, dereva mwenziwe, askari mstaafu, anaingia huku akicheka, anasogeza gia na kuwaita wakandaji waache unga waje kusukuma. Wanasukuma hatua nne, tano, mzee anageuza ufunguo, gari linanguruma. "Hii gari inajua mkono ya mwanaume," anasema, na wakandaji wanakufa kwa kicheko.

Na usiseme betri, betri ilikuwa mpya. Stata nayo ilikuwa mpya. Fabiano, fundi wa Kawempe, aliziweka zote mbili kwa mikono yake, na kila gari likifikishwa kwake linawaka mara ya kwanza, safi kabisa. Basi mwenye kiwanda, Madamu Phelister, Mkenya asiyependa mchezo na kazi, akakata shauri kwamba kibovu ni dereva. Jumatatu akamwambia Aol mbele ya watu wote: "Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho. Mikate yangu inafika Bugolobi imepoa kwa sababu yako. Wewe hii gari huiwezi."

Huiwezi! Neno lile lilimuuma Aol. Mtu aliyesomea udereva, akafanya mtihani wa haki, ambaye hajawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni, leo anaambiwa hawezi gari. Mwingine angelia. Aol alikasirika tu, na hasira yake ilikuwa ya haki.

Jumatano gari likamkatalia Bugolobi kwenyewe, chini ya maghorofa, nusu ya mikate bado iko nyuma. Hapakuwa na wa kusukuma. Akakaa humo ndani, mikono juu ya usukani, akawaza kwa uchungu. Hivi gari la otomatiki tangu lini linawashwa kwa kusukumwa? Hilo utalisukuma mpaka Jinja, haliwaki ng'o! Sasa mzee hufanya nini ambacho yeye hafanyi? Anaingia, anasogeza gia... Anaipeleka wapi? Ili gari lisukumike ni lazima aitoe kwenye P, ile ya kuegeshea inayofunga magurudumu, aiweke N, gia huru.

Aol akaiweka N, akageuza ufunguo. Gari likawaka pale pale, bila mtu kuligusa.

"Mama yangu!" akasema peke yake. Akalizima, akarudisha P: kimya. N: likawaka. P: kimya tena. Alijaribu kila moja mara kumi. N haikukosa hata mara moja. Kwa P liliwaka mara tatu tu, tena lilipojisikia.

Ijumaa asubuhi hakungoja kuitwa. Aliwaita yeye: Madamu, Mzee Ojera, na fundi Fabiano, ambaye Aol alikuwa amempigia simu tangu jana yake.

"Mzee, ukiegesha unaacha gia wapi?"

"Kwa N, halafu navuta breki ya mkono. Miaka thelathini lori ya jeshi ni hivyo tu. Hiyo P yenu mimi sijui ni ya nini."

"Mimi naacha P, kama nilivyofundishwa. Basi tazameni." Akawaonyesha: P, kimya, N, likawaka. Akawaonyesha tena na tena, mpaka wakandaji waliokuja kucheka wakasogea karibu waone.

Fabiano akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Swichi ya gia! Ndiyo inaruhusu stata kufanya kazi, na upande wa P umelika. Kwangu gari linaletwa na Mzee, liko N kila siku. Ningeonaje?"

"Haya," akasema Madamu Phelister, "Aol, kazi unayo. Kuanzia leo wote muweke N kama Mzee, mikate iende. Swichi tutaangalia siku nyingine."

Hapo wengi wangesema asante na kukimbilia usukani. Aol akatikisa kichwa. "Hapana, Madamu. Hapa ni mteremko, na watoto wa shule wanapita pale chini. Breki ya mkono peke yake siiamini, na hata nikiegesha P, ili liwake ni lazima niachie magurudumu kwanza. Ulitaka kunifukuza nikifanya sawa. Sitaki unibakishe nikifanya makosa. Weka swichi, ndiyo nitaendesha."

"Mikate inapoa, wewe!"

"Ipoe."

Madamu akavuta pumzi kwa nguvu, akamgeukia Ojera na kumnyooshea ufunguo. "Mzee, peleka wewe."

Mzee Ojera aliutazama ule ufunguo, kisha akaweka mikono nyuma. "Madamu, nimecheka huyu binti wiki sita, kumbe nilikuwa nacheka ujinga yangu mwenyewe. Leo sipeleki."

Mkono wa Madamu Phelister ulibaki umenyooka. Akawaangalia wakandaji mmoja mmoja, na hakuna aliyecheka.

"Fabiano," akasema mwishowe, "hiyo swichi iko Kawempe?"

"Iko, Madamu."

"Sasa unangojea nini?"

Aol akavuta kreti tupu la mikate, akakaa kumngojea fundi.