Sue Alivyozinyoa Waru za Mbegu

Haya yote nilihadithiwa na Sue mwenyewe, Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka jana, tukiwa jikoni kwangu tukitoa minji kwa maganda. Alikuwa akicheka mpaka minji inamponyoka mkononi. Nikamwambia, "Mama Natalie, hii yako nitaiandika." Akasema niandike, ila nisimpunguzie ujinga hata kidogo, maana aliutolea jasho. Basi simpunguzii.

Sue na mzee wake, Jeff, walitoka Uingereza wakaja kupanga ile nyumba ya mawe hapa Dundori, ile ya mzungu wa zamani, yenye veranda ndefu ya vioo. Jeff ni mtu wa ng'ombe. Kila asubuhi anateremka mpaka Njoro kufundisha mambo ya maziwa, jioni anarudi akinuka zizi. Sue alibaki na bustani.

Na alikuja amejiandaa. Alikuwa na sanduku zima la vitabu vya bustani na makasi ya aina sita. Kwao alikuwa amepata hata cheti. Lakini udongo wa Dundori haujui kusoma vyeti. Karoti zake zililiwa na fuko kutoka chini, kabichi zikaliwa na baridi kutoka juu, na ule ua wa maua aliopanda kando ya barabara, kondoo wa watu waliona ni karibisho. Watu wakipita wanamwamkia kwa heshima, "Habari ya shamba, mathe?" Naye anajibu na kile Kiswahili chake cha darasani, "Shamba ni jema sana, ahsante, tafadhali," na nyuma yake hakuna kitu kimesimama isipokuwa yeye mwenyewe.

Lakini anasema kilichomuuma si karoti. Kilichomuuma ni kwamba mwaka mzima ulipita bila mtu kumwomba kitu. Watu walimletea mayai, wakamletea maziwa, wakamletea sukuma wiki, na hakuna aliyemwomba hata chumvi. Na hapa kwetu mtu asiyeombwa chumvi bado ni mgeni, hata akikaa miaka kumi.

Kwa hivyo siku ile Njoki alipobisha mlango, mwishoni mwa mwezi wa pili, akasema ana shida kidogo, Sue alitaka kumkumbatia kabla hajaisikia.

Njoki ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na wawili wanaolima waru, yaani viazi, pamoja. Mbegu yao, magunia manne ya aina ya Shangi, ilikuwa kwa stoo yake, na stoo ilikuwa imeanza kuvuja na panya wamehamia na jamaa zao. Waru ya mbegu inataka mahali pakavu, penye mwangaza lakini si jua kali, na pazuri kuliko veranda ya Sue hapakuwako. Tena Njoki alikuwa anaenda Kuresoi, msichana wake amejifungua.

Wakatandaza waru juu ya vichanja vya fito, safu juu ya safu.

"Kazi yako ni kuziangalia tu," Njoki akasema.

"Nitaziangalia kama watoto wangu."

"Watoto wanalishwa, Mama Natalie. Hizi usilishe, usioshe, usifunike. Uangalie tu panya wasiingie."

"Usiwe na wasiwasi, tafadhali."

Njoki akaenda. Sue akaziangalia. Asubuhi aliziangalia na chai mkononi, mchana akaziangalia, jioni akampeleka Jeff naye akaziangalie. Siku ya kumi hivi, akaona kitu kilichomshtua moyo. Waru zilikuwa zimetoa machipukizi, manene, ya rangi ya zambarau, yamesimama kama pembe za ndama.

Sasa, mahali Sue alikozaliwa, waru inakaa kabatini ikingoja sufuria. Ikianza kuota, maana yake imekaa sana na inaharibika, na mama yake alimfundisha tangu mdogo: unayavunja yale machipukizi haraka, waru inapona. Hakujiuliza kwa nini waru ikaitwa ya mbegu. Mtu wa cheti, makasi sita, hakujiuliza! Alichojiuliza ni Njoki atasema nini akirudi akute waru za akina mama kumi na wawili zimeharibikia mikononi mwake.

Akavaa glavu. Akaleta kiti kifupi, redio na ndoo. Siku tatu, kutoka saa mbili asubuhi mpaka giza, aliketi pale akikwanyua machipukizi moja moja, waru baada ya waru, gunia la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anatembea kama anatafuta sindano. Jioni ya pili Jeff alimkuta hapo.

"Unafanya nini?"

"Naokoa mbegu ya Njoki. Ilikuwa inaharibika."

Jeff, ambaye anaweza kukwambia ng'ombe ana ujauzito kwa kumtazama akitembea, alizitazama zile waru akasema, "Kazi nzuri sana." Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa: wasomi wawili na waru magunia manne, na hakuna kati yao wote aliyejua mbegu ni nini.

Siku ya nne alitaka pia kuzisugua kwa maji, zing'are. Alikuwa ameshavuta mpira wa maji kutoka mferejini. Mungu akaona yatosha, maji yakakatika.

Njoki alirudi katikati ya mwezi wa tatu. Sue alimngoja mlangoni, akamshika mkono, akampeleka veranda kama bibi harusi.

"Tazama! Nimezisafisha zote!"

Njoki alizitazama. Waru zililala pale laini, mviringo, bila doa, kama vichwa vya watoto wa shule siku ya kufungua. Akachukua moja, akaigeuza. Akachukua nyingine. Akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena. Halafu akaketi juu ya ile ndoo.

"Sue," akasema. Hakusema Mama Natalie. "Ulizinyoa?"

"Zilikuwa zimeanza kuota."

"Zilikuwa zimeanza kuota," Njoki akarudia polepole. "Na shambani tunazipeleka zikafanye nini? Zikapige picha?"

Hapo ndipo Sue alipoelewa. Anasema alisikia kuelewa kukiteremka kutoka kichwani mpaka kwa magoti, kama uji wa moto. Machipukizi yale ndiyo mmea. Mbegu isiyoota, ukiizika wakati wa mvua inakaa tu ardhini inaoza. Na mvua kubwa ilikuwa imebakisha wiki mbili. Mbegu nyingine hakuna, kila mtu Dundori alikuwa ameshachukua yake. Akina mama kumi na wawili wangekaa msimu mzima wakitazama shamba tupu, na watoto wakila nini, ni Sue wa kuulizwa.

"Naomba msamaha," akasema. Halafu akaanza kulia, na kwa sababu alikuwa amezivaa tena zile glavu, akajipaka udongo uso mzima.

"Wacha kulia, machozi hayaoteshi," Njoki akasema. "Nenda ujioshe. Mimi naita guka."

Guka, yaani babu, ni Mzee Hiram, baba mkwe wa Njoki, mwenye miaka themanini na kitu, na maisha yake yote yamekuwa ya waru. Alikuja na fimbo yake, akabonyeza waru moja kwa kidole gumba, akaikwaruza na ukucha, akainusa.

"Chipukizi la kwanza," akasema, "ni kama kifungua mimba mwenye choyo. Likiwa hapo, wadogo wake hawapati nafasi. Ukilitoa wanatoka watatu, wanne. Sisi zamani tulikuwa tunalitoa makusudi."

Sue akainua kichwa. "Kwa hivyo, guka, nilifanya vizuri?"

"Hapana," mzee akasema. "Sisi tulikuwa tunalitoa mwezi mzima kabla ya mvua. Wewe umelitoa mvua ikiwa hapo Ol Kalou."

"Zitaota?"

"Zitaota. Ni lini, ndiyo sijui. Zitafutie joto na mwangaza, halafu uziache. Umesikia? Uziache."

Na Njoki akaongeza lake: Alhamisi kikundi kinakutana, na Sue atawaambia yeye mwenyewe. "Mimi siwezi kukusemea. Mdomo wangu utacheka ama utalia, na sijui ni gani."

Alhamisi Sue akasimama mbele yao. Alikuwa ameiandika hotuba kwa karatasi, na tafadhali nne ndani yake. Alipofika mahali pa kusema "nikayaondoa yote," wote wakageuka kumtazama Njoki. Mama mmoja akashika kichwa. Mwingine akauliza kama ni magunia yote manne, na Sue akasema ndiyo, yote, kwa sababu alitaka kuwa mwangalifu. Ndipo Achola, mke wa mwalimu, mwanamke asiyeweza kuficha neno, akasema:

"Sasa Mama Natalie, kama ulikuwa na hamu ya kunyoa, mbona hukuanza na zile ndevu za mzee wako?"

Wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Lakini Sue aliona kwamba wakicheka bado wanahesabu siku kwa vidole.

Joto la veranda halikutosha, kwa maana Dundori mwezi wa tatu ukiona kivuli unavaa sweta. Chumba chenye joto kuliko vyote kilikuwa sebule, yenye mahali pa moto. Sue akatoa meza, akatoa zulia, akatandaza waru sakafuni, kwa rafu za vitabu, na juu ya makochi yote mawili. Ili mwangaza uingie akaondoa mapazia yote. Tangu siku hiyo waru zikawa zimeketi sebuleni na wenye nyumba wanakula wamesimama jikoni. Na kwa kuwa hakukuwa na pazia, kila aliyepita barabarani alimwona Sue asubuhi na kanzu ya kulalia na soksi mbili zisizofanana, akiwasha moto kwa ajili ya waru. Binti yao Natalie alipopiga simu ya video kutoka kwao aliuliza, "Mum, ni nani hao wamekaa kwa kochi?"

Siku ya nane, hakuna kitu. Siku ya kumi, hakuna. Mawingu yakaanza kujipanga upande wa Ol Kalou kila alasiri, meusi, na kila alasiri Sue alisimama mlangoni akiyaomba yaende kwa wengine. Katika wilaya nzima ya wakulima, alikuwa mtu pekee anayeomba mvua isinyeshe. Anasema aliona haya hata mbele ya Mungu.

Njoki alipita kila jioni. Hakuingia. Alibandika uso kwa kioo, akatazama makochi, akaenda.

Siku ya kumi na tatu Sue alikuwa akipiga magoti akichochea moto, akaona kwa waru moja, kando ya lile kovu, nukta mbili za zambarau, ndogo kama vichwa vya pini. Akafikiri ni uchafu. Akataka kuzikwaruza. Mkono ulikuwa umeshaenda! Akajishika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akatoka mbio mpaka kwa Njoki na slipa mguuni.

"Zimetoka! Mbili mbili!"

"Umezigusa?"

"Karibu."

"Twende kabla hujakaribia tena."

Mvua nayo ikachelewa siku nane, si kwa maombi ya mtu, ni miaka ya siku hizi tu. Ilipoanza kunyesha, magunia matatu yalikuwa na machipukizi mafupi, magumu, matatu matatu na manne manne, mazuri kuliko yale ya kwanza. Gunia la nne, lililokuwa upande wa dirisha la baridi, lilikuwa bado linapiga miayo. Guka Hiram akasema hilo lipandwe mwisho, safu za juu, litakuja nyuma kama mzee anayetoka kanisani.

Wakapanda kwa siku moja, akina mama kumi na wawili na Sue. Yeye alipewa safu yake. Alikuwa akiziweka waru shimoni kwa upole kama anayelaza mtoto, moja kwa dakika, na Njoki alikuja nyuma yake ameinama, akizigeuza.

"Macho ya waru yaangalie juu, Mama Natalie. Wewe unaziangalisha chini, zitatokea China."

"Samahani."

"Usiseme samahani, geuza." Halafu, bila kuinua kichwa, "Na jioni unipe ile ndoo yako, yangu imepasuka. Nitairudisha Jumatatu."

 Sue alijifanya anatafuta waru kwa gunia.

"Na wakishafukia," Njoki akasema tena, "usije kufukua uone kama zinaendelea. Nakujua sasa."

"Siwezi kufanya hivyo."

"Unaweza."

Jioni ilinyesha vizuri. Sebule ilikuwa tupu, ina harufu ya udongo. Jeff alikaa kwa kochi kwa mara ya kwanza baada ya karibu wiki tatu, akasema, "Aaah," na kabla ya saa mbili alikuwa anakoroma, sahani ya githeri juu ya tumbo. Sue akaketi kando yake, akavua gambuti moja. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Akajiuliza kama ile safu yake Njoki aliigeuza yote ama alifika katikati. Akajiuliza kama ni maji mengi sana. Tochi ilikuwa hapo juu ya dirisha, na shamba si mbali, na waru moja tu, ya mwisho kabisa, kuitazama kidogo na kuifunika tena, ni nani angejua? Akainama achukue ile gambuti airudishe mguuni. Hakuifikia. Usingizi ulimpata hapo hapo, ameinama, mkono umening'inia, akalala.