Kicheko cha Kengele

Saluni nzima ilimwita Kengele, na sababu ilikuwa kicheko chake. Msusi huyu akicheka, hata wateja waliokaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, wasiosikia kisa wala mkasa, nao hucheka. Mama yake, ambaye kisukari kilimwondolea macho, alimtambua kwa kicheko hicho kabla hajafika mlangoni.

Kwenye programu ya simu ya kutafutia wachumba, Kengele aliandika kwamba anatafuta mwanamume mcheshi, mpenda muziki, anayejibu ujumbe upesi. Akampata mkutubi aliyetulia kama maji mtungini, na jibu lake la kwanza, lililokuja baada ya siku mbili, lilikuwa: "Nimesoma." Ajabu ya moyo, ukampenda huyohuyo.

"Wewe na huyo ni mbingu na ardhi," wasusi wenzake walimwambia.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" akawajibu.

Mkutubi alicheka kwa mara ya kwanza walipokutana mkahawani. Kilikuwa kicheko cha Kengele hasa, pamoja na ile kwikwi ya mwisho. Kengele alifurahi, akajiambia wapendanao huambukizana. Kesho yake mteja alisimulia kisa cha kuvunja mbavu, saluni ikaangua kicheko, Kengele naye akafungua mdomo pasitoke kitu. Wiki hiyohiyo alijikuta akipanga vitana kwa urefu na kuwanyamazisha wateja kwa kidole mdomoni. Kule maktabani, wasomaji walilalamika kwamba mkutubi siku hizi anapiga soga.

Hapo Kengele aliogopa kweli. Akamwandikia kwamba wameachana. Mkutubi alijibu palepale, na zile sura za kucheka alizozoea kutuma Kengele mwenyewe: "Tuachane wapi, mpenzi? Jumapili twende kwa mama."

Kengele alikubali. Kama kulikuwa na mtu wa kumrudishia nafsi yake, ni aliyemzaa.

Mama alikuwa kwenye kochi, akikunja nguo kwa kupapasa. Mkutubi alicheka kabla ya kupiga hodi.

"Pita, mwanangu," mama alisema, uso ukimwelekea mkutubi. "Na huyo mgeni wako mbona kimya?"

Kengele alitaka kusema, mama, ni mimi. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya taratibu, na si hayo iliyoyasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Una adabu." Mama akamgeukia tena mkutubi, aliyekwisha kuketi kwenye kochi la pili. "Nyie wa siku hizi mnachagua mpaka mnachaguka. Mimi huyu ameniridhisha. Umemkubali?"

Kengele akapiga magoti, akaukamata mkono wa mama kwa nguvu zake zote. Mama akauchomoa polepole, kwa heshima.

"Ngoja kwanza, baba," alisema. "Mwache mwanangu ajibu."

"Nimemkubali, mama," sauti ya Kengele ilijibu kutoka kochi la pili, kisha ikacheka.