Usitabasamu, Bibi

Bango lilikuwa limetundikwa juu ya mlango wa maktaba ya chuo, na ndani yake msichana akamwona bibi yake. Amekalia ndoo iliyopinduliwa, gauni la jikoni limepasuka begani, macho ameyainamisha kama mfiwa. Chini yake yaliandikwa maneno ya mpango wa uongozi wa wanafunzi: *Tunawasemea wasio na sauti*.

Bibi yake, hana sauti! Mwanamke ambaye akigombana na muuza maji, majirani huzima redio wapate kusikiliza.

Mpango ule uliwataka wanafunzi kuhudumia mtaa muhula mzima na kujifunza kutokana na kazi hiyo. Msichana alipangiwa zahanati. Kundi lililozibua mitaro ya mtaa wa bibi liliongozwa na kijana waliyemwita Mwenyekiti, kwa jinsi alivyoutamani uenyekiti wa wanafunzi.

Jioni alimkuta bibi akikunja nguo.

"Bibi, nani alikupiga picha?"

"Yule kiongozi wa wazibua mitaro, mwenye viatu vyeupe. Nilivaa gauni la harusi ya mama yako, akasema nivae la jikoni. Nikafuata kiti, akanipindulia ndoo. Nikacheka, akaniambia, 'Usitabasamu, bibi.' Nikadhani ndiyo fasheni ya siku hizi."

"Wamekutundika chuoni kama ombaomba."

Bibi aliacha kukunja. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha mjukuu.

Kisasi ni kaa la moto. Ukilidaka kwa pupa, wa kwanza kuungua ni wewe. Msichana hakulibandua bango wala hakumlalamikia mhadhiri aliyesimamia mpango. Alingoja hafla ya kufunga mpango. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameitungia kanuni, akapigiwa makofi: mgeni wa mtaani akisimama hakatizwi, na ombi lake moja hutimizwa papo hapo. Kila mtu alidhani wageni wataomba wimbo.

Siku ilipofika, bibi aliingia ukumbini amevaa gauni lile la harusi, begi begani, ndoo mkononi. Mwenyekiti hakumtambua.

"Shikamoo, mama. Karibu sana."

"Marahaba. Leo nimekuwa mama? Gauni hili linapunguza umri."

Zamu yake ilipowadia alisimama bila kipaza sauti. "Ombi langu dogo. Nataka picha ya kiongozi huyu."

Mwenyekiti akajitokeza, akinyoosha kola.

"Si hivyo, baba. Vua koti. Na viatu."

Watu wakacheka.

"Kaa hapa." Akaipindua ndoo.

Kicheko kikapungua. Bibi akatoa gauni la jikoni begini, akamfunika nalo mabegani, mpasuko ukiwa juu. Kijana aliutazama mpasuko ule, kisha uso wa bibi.

"Bibi, mimi sikukusudia..."

"Usitabasamu."

Hakuwa akitabasamu. Mhadhiri aliinuka nusu, akaikumbuka kanuni, akakaa.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "piga."

Neno hilo, mjukuu, lilipita ukumbini kama upepo wa baridi. Msichana akainua simu. Alikuwa ameutazamia utamu wa dakika hii kama mtoto anavyotazamia sikukuu. Lakini kwenye kioo cha simu aliona soksi iliyotoboka, kidole gumba kikichungulia, na mguu mmoja ukijaribu kuufunika mwingine. Angeweza kuinua simu kidogo, soksi isionekane.

Hakuinua. Akapiga.

Kabla jua halijatua bango lilikuwa limeondolewa, aliyeliondoa hakuonekana. Tangu hapo, kila walipopishana ukumbini au ngazini, macho ya Mwenyekiti yalikimbilia kwanza mkono wa msichana, kwenye simu. Hakuuliza kama picha bado ipo. Naye msichana hakumwambia.

"Ile picha umeifuta?" bibi aliuliza siku moja, gauni la jikoni likiwa mapajani mwake.

"Bado. Kila nikiifungua, naona soksi tu."

Bibi alilainisha ncha ya uzi kwa midomo, akaupenyeza kwenye tundu la sindano, akauvuta mpasuko karibu na macho.

"Basi usiharakishe kuifuta," akasema, akaanza kushona.