Darubini Isiyojaribiwa

Wezi wa ng'ombe walimkata Mardochée shingo mlangoni pa zizi lake. Gaston, mdogo wake, alikuwa juu ya kilima na bunduki ya kuwindia ya marehemu baba yao, lakini hakuweza kufyatua. Kwa umbali ule, wezi na kaka yake wote walikuwa vivuli. Alipofika chini, damu ilikuwa imechanganyika na maziwa.

Baada ya mazishi alikwenda mjini Kadutu kwa mjomba, tonton Jean-Baptiste, anayeuza kamera na darubini za mitumba karibu na soko. Alimweleza kwamba anataka darubini ya kufunga juu ya bunduki. Iwe nyepesi, kwa kuwa yeye na walinzi wenzake wa kijiji chao, Nyantende, hutembea vilimani kutwa nzima, na iwe ya bei ambayo kijiji kilichouza mbuzi wake kinaweza kulipa. Jean-Baptiste alimtolea tatu. Ndogo haikuonyesha zaidi ya jicho lenyewe. Kubwa ilikuza mno, mkono ukitetemeka kidogo kila kitu kinarukaruka, tena ilikuwa nzito kama jiwe.

"Ile kubwa iko ya kuangalia mwezi," Jean-Baptiste alisema. "Wewe unatafuta mutu. Beba hii ya katikati."

Gaston aliielekeza kwenye mteremko wa ng'ambo, akamwona mwanamke akianika nguo, hata maua ya kitenge chake. Akaridhika. Muuzaji alimshika mkono kabla hajaondoka.

"Ukiisha kuifunga, piga risasi mbili tatu kwa muti, uirekebishe. Bila vile, jicho itaenda huku, risasi itaenda kule."

Gaston aliahidi. Lakini Nyantende, mlio wa risasi ukisikika, akina mama hufunga watoto mgongoni, wazee huburutwa kutoka kitandani, na kijiji kizima hukimbilia bondeni. Mara ya mwisho bibi Rosette alikufa njiani, na kumbe mlio ule ulikuwa wa askari mlevi. Gaston alimkumbuka, akaona ni ukatili kuwatisha watu kwa ajili ya jaribio. Aliifunga darubini, akaisawazisha kwa macho tu, akilenga msalaba wa kanisa. Dada yake mdogo, Lucie, alipouliza kama imejaribiwa, alimjibu kwamba iko sawa.

Wezi walirudi asubuhi moja, umande haujakauka. Walichoma nyumba, wakampiga muzee Ezéchiel kwa kitako cha bunduki mpaka meno yakamtoka, wakawafunga wasichana kamba ili wabebe nyara. Gaston, amelala nyuma ya migomba, aliwaona wakipanda kilima. Safari hii hawakuwa vivuli. Alimwona Lucie na gunia la maharagwe kichwani, na ubavuni pake mwanaume mwenye koti la mvua akimchoma kwa ncha ya panga. Aliweka mistari ya darubini kifuani mwa mwanaume yule, akashusha pumzi, akafyatua.

Lucie alianguka.

Gaston alifyatua tena. Risasi ikapasua gunia. Walinzi wenzake walishuka na mapanga, wezi wengine wakatawanyika, na mwenye koti akakatwa pale pale njiani. Waliendelea kumkata hata alipokuwa hasogei tena. Gaston hakutazama. Alikuwa amemkimbilia Lucie, amepiga magoti, amebana bega la dada yake kwa mikono yote miwili, na damu ilipita kati ya vidole vyake ikilowesha maharagwe.

"Uliniambia iko sawa," Lucie alisema.

Gaston alivua shati, akalifunga bega lile.

Lucie alipona, ila mkono wa kulia ulikatwa hospitalini. Gaston alitaka kuitupa darubini mtoni, dada yake akakataa. Alipopata nguvu za kutembea, alipita nyumba kwa nyumba, mkono wa blauzi umebanwa kwa pini, akiwaeleza watu kwamba Jumapili baada ya misa risasi zitapigwa kwenye mti mkavu chini ya kanisa, na mtu asikimbie.

Jumapili walikuja, wengine na watoto tayari mgongoni. Risasi ya kwanza ilipolia, mama mmoja alianza kukimbia. Lucie alimdaka kitenge kwa mkono wake uliobaki, akamshikilia hadi alipotulia. Risasi ilikuwa imepita kando kabisa ya alama waliyochora kwa chokaa.

"Rekebisha, kaka," Lucie alisema, bila kumwachilia yule mama. "Sisi tuko hapa."